Annie Wilkes wa kitabuni na yule wa kwenye muvi: shoka au nyundo? Tumegombana kijiweni

#1 Kahawa_Chungu
Wakuu habari za jioni. Niko Ngamiani, Tanga hapa, juzi baada ya isha tumekaa kijiweni na kahawa na kashata, mada ikatoka Coastal Union ikaingia muvi za kutisha, sijui ilipitia wapi. Nikasema mwanamke mbaya kuliko wote niliowahi kumsoma ni Annie Wilkes, yule nesi wa kwenye Misery ya Stephen King, aliyemteka mwandishi akamkata mguu kwa shoka. Jamaa yangu fundi cherehani akaruka juu, shoka wapi we, nyundo! Nimeona kwa macho yangu, linyundo la kuvunjia mawe! Nikamwambia umeota. Tukabishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaondoka, tukawekeana supu ya pweza.

Nikarudi nyumbani nikafungua kitabu (nimeazima kwa mwalimu mmoja), ni shoka, ukurasa upo. Leo jamaa kaja na muvi kwenye flashi, ni nyundo. Kumbe wote tuko sawa na supu haina mlipaji.

Ila kilichonileta ni hiki. Nilivyoangalia ile muvi nilifika mahali nikataka kumhurumia yule mama. Wa kitabuni sikumhurumia hata nukta. Waliosoma na kuangalia, huyu ni mwanamke mmoja au wawili?

#2 Dagaa_Mchele
Nimekaa siti ya mbele na korosho zangu.

#3 Chungwa la Muheza
Muvi ni ya mwaka 87 hiyo, nyie watoto mmeiona juzi. Na kuna sehemu anamkata kidole gumba anakiweka kwenye keki, hiyo hujaisema.

#4 Mzee wa Mkonge
@Chungwa la Muheza umechanganya madesa. Kitabu ndio 1987. Muvi ni 1990, kaiongoza Rob Reiner, Paul, yule mwandishi anayetekwa, kacheza James Caan, na Annie ni Kathy Bates aliyechukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka uliofuata. Na kidole gumba hakipo kwenye muvi hata ukiirudisha mara kumi. Ni cha kitabuni. Paul analalamika taipureta anayolazimishwa kuandikia inazidi kudondosha herufi, Annie anakuja na kisu cha umeme kile cha kukatia nyama, baadae kidole kinasimama kwenye keki kama mshumaa. Wewe umesoma halafu ubongo wako umekupigia picha.

#5 Chungwa la Muheza
Basi mzee yaishe. Ila mimi hiyo keki nimeiona kabisa, hata rangi yake.

#6 Binti wa Chumbageni
Hapo kwenye #5 ndo jibu lenyewe lilipo. Kitabu kinakufanya utengeneze picha mwenyewe, na ya kwako haiachi kukaa kichwani.

Mimi kinachowatenganisha hawa wawili kwangu ni harufu. Kitabu kinaanza Paul hajitambui, ajali ya gari kwenye theluji, anapuliziwa pumzi mdomoni na mtu asiyemjua, na ile pumzi inanuka biskuti za vanila na mchuzi wa kuku na aiskrimu ya chokoleti vyote kwa pamoja. Hujaonyeshwa sura yake, hujajua jina lake, tayari kichefuchefu. Kwenye muvi na yeye anampulizia lakini sinema haina pua. Unachokiona ni mama mnene kajifunga vizuri anamwokoa mtu, unasema Mungu ambariki.

#7 Kahawa_Chungu
Dada umenigusa. Ule mwanzo niliusoma nikiwa nakula, nikasogeza sahani.

#8 Stelingi Hafi
Nyie mnazungumzia wawili, mimi namjua wa tatu.

Muvi hii niliionea kibandani Makorora nikiwa darasa la sita, kiingilio shilingi mia, benchi la mbele shingo inauma, imetafsiriwa. Na mtafsiri alikuwa haeleweki, alimwita Annie "Nesi Mwanaidi" na akasema ni mwenyeji wa Tanga kaolewa Marekani akaachika, ndo maana ana hasira na wanaume. Kibanda kizima kikaamini. Ikafika ile sehemu, kamfunga kitandani, kaweka gogo katikati ya miguu, kashika nyundo. Kimya, feni tu inalia. Mtafsiri akasema taratibu kabisa: "Haya mgeni wetu. Tanga waja leo, waondoka lini?" Kisha paa.

Watu walicheka na kupiga yowe kwa wakati mmoja, mtoto mmoja pembeni yangu akajikojolea, na mimi mpaka leo nikisikia mtu anasema waja leo waondoka leo kifundo cha mguu kinaniwasha.

#9 Dagaa_Mchele
Waondoka lini 😂😂😂 huyo mtafsiri apewe nishani

#10 Bwana Mdogo Raskazone
Sasa si ndo ukweli jamani. Mwanamke anakuogesha, anakulisha, anakuambia pumzika, siku unayotaka kurudi kwenu Dar huoni viatu. Annie ni Mtanga, Stephen King kaficha tu.

#11 Binti wa Chumbageni
@Bwana Mdogo Raskazone koma. Mwanamke wa Tanga hahitaji nyundo, mtu anabaki mwenyewe.

#12 Mgeni wa Kudumu
Wanacheka lakini mimi limenikuta. 2014 nilianguka na bodaboda njia ya Pangani, mguu ukavunjika, mimi kwetu Singida sina ndugu hapa. Mama mmoja ambaye nilikuwa nachumbia binti yake akasema mwanangu hutauguzwa na watu baki, nikapelekwa kwake Muheza. Asubuhi uji wa mchele na nazi, mchana wali, jioni kamba wa nazi na bada, nikisema mama sasa naweza kutembea ananiambia kula kwanza mwanangu. Wiki ya sita ndala zangu zikapotea. Wiki ya saba simu yangu ikawa "iko kwa fundi". Wiki ya nane nikaona wanajenga turubai uani nikauliza kuna shughuli gani, wakaniambia ni yako.

#13 Stelingi Hafi
Ukatoroka?

#14 Mgeni wa Kudumu
Nina watoto watatu. Ndala nilizikuta juu ya kabati mwaka jana tulipokuwa tunapaka rangi.

#15 Mzee wa Mkonge
Haya turudi kwenye mada. Suala la nyundo na shoka lina historia yake. Aliyeandika muswada wa ile filamu ni William Goldman, na yeye alikubali kazi kwa ajili ya lile shoka, aliipenda ile sehemu kupita kiasi. Kuna mwongozaji wa kwanza, George Roy Hill, alijitoa kwa sababu hakuona vipi ataongoza kitu kama kile. Reiner alipochukua usukani ikabadilishwa kuwa nyundo, Goldman akakasirika, akaona wanaharibu kazi. Baadae kaandika mwenyewe kwamba alikosea. Watazamaji wangemchukia Annie moja kwa moja na muvi nzima ingekuwa ile sehemu tu.

Kwahiyo Kahawa_Chungu ile huruma yako haikuja kwa bahati mbaya. Walikaa mezani wakaipima.

#16 Chungwa la Muheza
Mimi sikubali kwamba nyundo ni nafuu. Shoka linakata, imeisha, na kitabuni anachoma kidonda na moto wa gesi damu inasimama, una mambo mengi ya kusoma akili inahama. Nyundo unaona kifundo kinakunja upande ambao hakikuumbiwa kukunja. Na kuna wa pili unasubiri!! Mwaka mzima nilikuwa siwezi kuangalia mpira mtu akipigwa buti.

#17 Nesi Mstaafu
Wanangu salaam. Mjukuu wangu kanionyesha huu uzi akicheka, nami nimefanya kazi wodini miaka 31, naomba niseme kidogo.

Mnaongelea shoka na nyundo kama mafundi. Kilichonitisha mimi ni kwamba yule mwanamke kazi anaijua. Miguu ya yule bwana imevunjika vibaya, kaifunga banzi peke yake nyumbani na imeshika. Anajua vidonge viwili kila baada ya masaa sita, anajua saa ya tano mgonjwa anaanza kuangalia mlango. Mgonjwa akiwa hivyo anakupenda, mimi nimeyaona, anakuita mama hata kama ni mkubwa kwako. Nesi mwenye roho nzuri anaingia mapema dakika tano. Annie anasimama mlangoni na vile vidonge mkononi, anaongea.

Kuna sehemu ya kitabu muvi imeikwepa. Kamwaga supu ukutani kwa hasira, kaosha ukuta kwa maji ya sabuni, kisha anampa yule bwana vidonge ameze na yale maji machafu ya ndoo. Na anakunywa. Kwenye muvi supu inamwagika kitandani, mama anaomba radhi, yameisha. Mimi ile ndoo ndo nyundo yangu.

#18 Kahawa_Chungu
Shikamoo bibi. Ile ndoo nilikuwa nimeiruka kichwani, umenirudisha. Alafu anamsifia kwamba kanywa vizuri.

#19 Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Na tafadhalini msidhani manesi wote ndivyo tulivyo.

#20 Bwana Mdogo Raskazone
Bibi mimi nilichomwa sindano nikiwa la nne na nesi aliyekuwa anaimba taarabu. Sina imani.

#21 Arosto
Huwa sichangii ila #17 kanitoa.

Stephen King kasema mwenyewe, na kwenye kile kitabu chake cha kuhusu uandishi kimo, kwamba wakati anaandika Misery alikuwa kwenye kokeini na pombe, na Annie ndo ile kokeini. Shabiki wake namba moja, haondoki. Nilivyolijua hilo nikarudia kusoma upya na kikawa kitabu kingine kabisa.

Kaka yangu alikuwa teja, unga, miaka tisa, hapa hapa mjini mnamjua wengine. Unga ulianza kwa kumbembeleza. Alikuwa akiniambia dogo, ukikupokea unajisikia umefunikwa blanketi na mama. Halafu unaanza kukupangia saa za kula, saa za kulala, nani umwone nani usimwone. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimpata analala sakafuni kajikunja miguu kama imevunjika kweli, anasikilizia mlango. Nikisoma Paul anahesabu masaa ya vidonge namwona kaka sakafuni.

Sasa tazama tofauti. Kwenye kitabu Paul kapata kibanio cha nywele, kafungua kitasa, katoka chumbani kwa mara ya kwanza, nyumba tupu. Kitu anachokitafuta kwanza ni vidonge, simu baadae! Kwenye muvi vidonge anavikusanya ndani ya godoro amwekee Annie kwenye divai amlaze. Huyo ni stelingi, ana akili, ana mpango. Hakuna teja anayekusanya dawa ampe mwingine. Ndo maana yule wa muvi ni mwanamke tu mwenye wazimu. Wa kitabuni Paul amemuua, kapona, yuko kwake New York, na bado anamwona anatokea nyuma ya kochi.

Kaka yupo, anakunywa methadoni, ile dawa ya kuachia unga, mwaka wa nne.

#22 Mgeni wa Kudumu
Mkuu hii umetulisha kitu. Msalimie kaka.

#23 Dagaa_Mchele
Korosho nimeweka chini. Heshima kwako.

#24 Mlinzi wa Mapango
Nyie mnazunguka. Mambo ya kokeini ya Wazungu achaneni nayo, sisi tuliokulia huku Amboni tunaujua huo ugonjwa. Huyo ni jini mahaba. Tazama dalili: anampenda mtu kabla hajamwona, anajua alipo siku ya ajali, hataki awe na mwanamke mwingine hata wa kwenye karatasi, kumbuka kakasirika kwa sababu yule Misery, mwanamke wa kwenye vitabu vya Paul, kauliwa kwenye hadithi. Mvua ikinyesha anabadilika sura, hali chakula, haogi, anajipiga makofi. Halafu ana siku zake anatoweka anakwenda "mahali pake" mlimani. Ungemletea mtu wa kumpunga siku ya kwanza tu angetaja jina lake.

#25 Mzee wa Mkonge
Kitabuni hakujua alipo siku ya ajali, alikuta gari limepinduka.

#26 Mlinzi wa Mapango
Hivyo ndivyo anavyosema yeye.

#27 Nesi Mstaafu
Mwanangu wa Amboni, hiyo ya kujipiga na kukaa siku tatu hajaoga ni maradhi ya akili, yana dawa na yana kliniki. Nimeona watu wanapungwa miezi sita wakiletwa wamechelewa. Ila na mimi sisemi Annie ni mgonjwa tu, maana wagonjwa wa akili niliowahudumia wengi walikuwa wanaogopa wao kuliko kuogopwa.

#28 Binti wa Chumbageni
Bibi hapo ndo muvi ilipocheza. Kathy Bates kacheza ile siku ya mvua kwa sauti ya chini, kaingia na kanzu ya nyumbani, macho hayapo, anasema anajua Paul hatampenda kamwe. Bastola iko mfukoni lakini wewe unaangalia uso. Sekunde ile ni mwanamke mpweke tu ambaye kila mtu anamjua mmoja mtaani kwake. Kitabuni siku kama hiyo anaingia na mtego wenye panya mzima, anamminya mkononi mpaka anakufa, kisha analamba vidole. Nani atamhurumia mlamba panya?

#29 Chungwa la Muheza
Mimi nilikuwa nakula aisee.

#30 Stelingi Hafi
Na polisi? Si alikanyagwa na trekta la kukatia majani?

#31 Mzee wa Mkonge
Kitabuni ndio. Polisi kijana, Paul kavunja kioo kumwita, Annie kamchoma na msalaba wa mbao wa kwenye kaburi la ng'ombe kisha kampitia na ile mashine ya kukatia majani. Kwenye muvi hayupo, badala yake wametengeneza sherifu mzee Buster na mkewe, wanataniana kwenye gari, unawapenda, halafu anapigwa risasi ya mgongoni. Mimi nadhani wale wazee wawili ndo waliompunguzia Annie ukali kuliko hata nyundo. Kwenye kitabu karibu hutoki mle nyumbani mwake, dunia yote ni Annie. Muvi inakutoa nje upate hewa.

#32 Arosto
Hii ya kutoka nje naikubali nusu. Nusu nyingine bado naishikilia ya kwangu.

#33 Dada wa Mabanda ya Papa
Mmewasahau wenzake. Mama yake Carrie, wa King huyo huyo, kitabu 1974 muvi 1976. Kitabuni binti anausimamisha moyo wa mama yake kwa akili tu, kimya kimya. Kwenye muvi visu na vifaa vya jikoni vinaruka vinamsulubisha mlangoni. Hapo muvi ndo imezidi kitabu kwa ukatili, kwahiyo ile nadharia kwamba sinema inapunguza makali haisimami.

Na Wahindi wanayo Misery yao, Julie Ganapathi, ya Kitamil, 2003. Shangazi yangu aliiona kwa jirani yake Mhindi akalia mwanzo mwisho, anasema yule ndo hasa, wengine wanaigiza.

#34 Bwana Mdogo Raskazone
Naulizia kitu cha kijinga. Ile taipureta haina herufi N, si ndio? Sasa mngetekwa hapa mkaambiwa mwandike kwa Kiswahili ingekuwaje, maana N ndo Kiswahili chenyewe.

#35 Dagaa_Mchele
Tanga inakuwa Taga 😂

#36 Stelingi Hafi
Na nyani anakuwa yai. Nimejaribu kwenye karatasi. Kwahiyo Taga, yai. Annie angefurahi sana, ana kuku.

#37 Mgeni wa Kudumu
Pangani inakuwa Pagai 😂😂 mke wangu ananiangalia ninavyocheka peke yangu saa hizi

#38 Binti wa Chumbageni
Angalia ndala ziko wapi.

#39 Fundi Cherehani
Nimeambiwa kuna uzi wangu huku. Mimi ndo niliyesema nyundo. Naona mmeandika mpaka ya Wahindi ila hakuna aliyesema supu nani analipa. Swali lilikuwa "alifanywa nini", sio "kitabuni alifanywa nini". Watu wengi wanajua nyundo. Nadai pweza.

#40 Kahawa_Chungu
Fundi kitabu ndo baba, muvi ni mtoto. Mtoto hawezi kumrekebisha baba.

#41 Fundi Cherehani
Mtoto ana Oscar, baba ana nini.

#42 Mlinzi wa Mapango
Hapo kakuweza.

#43 Mzee wa Mkonge
Ongezeeni na hii mkigombana vizuri. King hadithi aliipata usingizini, ndani ya ndege akienda London, na mwanzoni alipanga Paul afe, aliwe na nguruwe wa Annie, ngozi yake ijalidiwe kitabu. Mwisho tulioupata huo ni wa huruma tayari, wa shoka na wa nyundo wote.

#44 Chungwa la Muheza
Mzee na wewe kila saa unaniletea kitu nikiwa mezani.

#45 Mwalimu wa Zamani
Kahawa_Chungu. Hicho kitabu ulichofungua ukurasa wa shoka ni changu, ulikichukua kabla ya Ramadhani ukasema wiki mbili. Ninaona umepata nafasi ya kukisoma, kukibishania na kukiandikia.

#46 Kahawa_Chungu
Shikamoo mwalimu. Kipo salama kabisa, nimekifunika na gazeti. Kesho jioni nitakileta.

#47 Mwalimu wa Zamani
Marahaba. Njoo, mama watoto kasema utakula hapa hapa. Usiwe na haraka ya kuondoka.

#48 Kahawa_Chungu
Mwalimu natuma bodaboda.